Juu ya Nyaya: Kikao, Uwasilishaji na Programu Tumizi

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala. Siku ile hakuhitajika mtaalamu kueleza kosa liko wapi. Mikongo imekatika, isubiriwe meli ya ukarabati. Lakini makosa mengi yanayomkera mtumiaji wa kila siku hayako hivyo. Mkongo ni mzima, mnara unafanya kazi, alama za mtandao zimejaa kwenye kioo cha simu, na bado menyu ya kutuma pesa inajifunga katikati, tovuti inagoma kufunguka kwa madai kwamba cheti chake hakiaminiki, na ujumbe mmoja mfupi unakatwa salio la jumbe mbili. Makosa ya aina hiyo yanaishi juu ya nyaya, katika sehemu ya mtandao ambayo wanafunzi wengi huikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau wakitoka nje ya ukumbi. Mhadhara huu unaihusu sehemu hiyo.

Chimbuko lake ni mwaka 1977, pale Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilipoamua kuweka utaratibu mmoja wa kuunganisha kompyuta za watengenezaji mbalimbali. Wakati huo kila kampuni ilikuwa na mtandao wake: IBM ilikuwa na SNA tangu 1974, Digital ilikuwa na DECnet, na mashine ya huku haikuelewana na ya kule. Kamati iliongozwa na Charles Bachman, Mmarekani aliyekwisha kupata Tuzo ya Turing mwaka 1973 kwa kazi yake ya hifadhidata. Kiwango kilichotokana na kamati hiyo, ISO 7498, kilichapishwa mwaka 1984, na ndicho kinachofundishwa hadi leo kwa jina la modeli ya OSI, yenye matabaka saba.

Matabaka manne ya chini ni ya uchukuzi. Yanageuza biti kuwa umeme, mwanga au mawimbi ya redio, yanazifunga katika pakiti, yanazitafutia njia, na mwisho yanahakikisha kwamba kilichotumwa kimefika kikiwa kamili. Juu yake yamebaki matatu: la tano ni la kikao, la sita ni la uwasilishaji, la saba ni la programu tumizi. Haya hayaulizi kama mzigo umefika. Yanauliza umefika katika mazungumzo yapi, umeandikwa kwa utaratibu gani, na unataka kufanyiwa nini.

Historia haikuyatendea wema. Kabla wino wa ISO haujakauka, tarehe 1 Januari 1983, mtandao wa ARPANET ulihamia kwenye itifaki za TCP/IP, ambazo hazitambui tabaka la kikao wala la uwasilishaji. Kila kilicho juu ya usafirishaji huitwa programu tumizi, basi. Andrew Tanenbaum, ambaye kitabu chake cha mitandao kimesomwa na vizazi vya wanafunzi, aliandika kwamba matabaka hayo mawili ni karibu matupu huku mengine yakifurika. Tangu hapo imekuwa desturi kuyataja kwa tabasamu, kama ndugu wa ukoo ambao hakuna anayewatembelea.

Hukumu hiyo ni nusu ya ukweli. Kilichokufa ni visanduku vilivyochorwa kwenye karatasi ya kamati. Kazi zilizowekwa ndani yake hazikwenda popote, na asiyepewa na mtandao hulazimika kuzifanya mwenyewe ndani ya programu yake. Ushahidi mzuri wa jambo hilo unapatikana katika simu ya kitochi.

Tabaka la kikao lilibuniwa kujibu maswali matatu: ni zamu ya nani kusema, mazungumzo yamefika wapi, na yakikatika yaanzie wapi. Zamu iliamuliwa kwa tokeni. Asiyekuwa nayo hutulia asikilize, kama watu wawili kwenye redio ya upepo ambapo mmoja lazima aseme “ova” ndipo mwenzake abonyeze kitufe. Kwa swali la tatu kulikuwa na alama za usawazishaji, zilizopandwa katikati ya mazungumzo ili mawasiliano yakidondoka pande zote mbili zirudi kwenye alama ya mwisho badala ya kuanza upya.

Sasa mtu yuko Mbagala, Dar es Salaam, anabonyeza *150*00# kufungua menyu ya M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu. Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuifungua Kenya mwezi Machi 2007. Huduma ni ya jina moja, lakini njia za mwanzo zilitofautiana. Kenya menyu ilikaa ndani ya laini ya simu na maombi yakasafiri kama jumbe fupi. Tanzania ikatumia USSD. Ujumbe mfupi hauna kikao: unatumwa, unahifadhiwa, unapelekwa simu ya mpokeaji ikipatikana, na mtandao hausubiri jibu. USSD ni kinyume chake. Njia inafunguliwa na kushikiliwa wazi kati ya simu na kampuni kwa muda wote mtumiaji anapochagua “1”, kisha namba ya mpokeaji, kisha kiasi, kisha namba ya siri. Akichelewa kupita muda uliowekwa, njia inafungwa na yote aliyoyaandika yanapotea.

Ndani ya mtandao wa simu mazungumzo hayo yanabebwa na itifaki iitwayo TCAP, iliyobuniwa kwa mawazo yaleyale ya OSI. Ina ujumbe wa kuanza mazungumzo, wa kuyaendeleza, wa kuyamaliza, na wa kuyakatiza. Kwa hiyo mteja anapoona menyu imefungwa ghafla, aghalabu kilichotokea ni kwamba upande mmoja umechoka kusubiri na umetuma ujumbe wa kukatiza. Mnara hauna kosa. Hata salio la mteja halina kosa.

Kinachovutia zaidi ni jinsi kikao hicho kinavyojengwa mara ya pili. Africa's Talking, kampuni ya Nairobi, huwapa waandishi wa programu njia ya kuweka huduma zao kwenye USSD bila kugusa mitambo ya simu. Mtumiaji anapobonyeza kitu, kampuni huituma habari hiyo kwa seva ya mwandishi kupitia HTTP, itifaki ya wavuti. Ndani yake mna namba ya simu, utambulisho wa kikao, na chaguo zote zilizofanywa tangu mwanzo zikiwa zimeunganishwa kwa nyota, mathalani 1*2*5000. Seva hujibu kwa matini inayoanza na neno CON ikiwa mazungumzo yanaendelea, au END ikiwa yamekwisha. Basi. Ni tabaka la tano hilo, limeandikwa kwa herufi tatu tatu.

Kwa nini chaguo zote zirudiwe kila mara? Kwa sababu HTTP haina kumbukumbu. Tim Berners-Lee alipoibuni huko CERN, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, alitaka njia nyepesi ya kuomba waraka: kompyuta inaomba, seva inajibu, biashara imekwisha. Ombi linalofuata linapokewa kama la mgeni asiyewahi kuonekana. Utaratibu huo ulifaa kwa wanasayansi wanaosoma makala, lakini haukufaa kwa duka, kwani duka linapaswa kujua mteja ameshaweka nini kapuni. Mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape akabuni vidakuzi, yaani maandishi madogo ambayo seva humpa mgeni ayarudishe kila anapokuja tena. Dunia nzima sasa inalalamikia vidakuzi kwa upelelezi wake, na ni haki, lakini vilizaliwa kuziba pengo ambalo TCP/IP iliacha wazi kwa makusudi.

Liko jambo moja ambalo kikao peke yake hakiwezi kulitatua, na linahusu pesa. Mtumiaji ameingiza namba ya siri, amebonyeza kukubali, na papo hapo menyu imekatika. Je, pesa imekwenda? Kwa upande wake hakuna dalili yoyote. Huenda ombi lilifika na jibu ndilo lililopotea njiani. Huenda ombi lenyewe halikufika. Mtu mwenye haraka hubonyeza upya, na hapo ndipo mpokeaji hupata elfu ishirini badala ya elfu kumi. Mifumo iliyoandikwa vizuri huupa kila muamala namba yake ya pekee, ili ombi likijirudia kati ya seva na seva lijibiwe bila kulipwa mara ya pili. Lakini namba hiyo haimsaidii aliyeanza menyu upya kwa vidole vyake, maana huo ni muamala mpya kabisa.

Ndiyo maana risiti haiji kwenye USSD peke yake. Inakuja kwa ujumbe mfupi, ule usio na kikao, ambao mtandao unaweza kuuhifadhi hadi simu ipatikane. Mazungumzo yanapita njia inayoshikiliwa wazi, ushahidi unapita njia inayosubiri. Waliopanga hivyo walielewa tofauti ya njia hizo mbili kuliko vitabu vingi vya chuo.

Alama za usawazishaji nazo zimezaliwa upya. Anayepakua filamu, bando likakata katika asilimia sabini, akanunua jingine na kuona upakuaji unaendelea pale ulipoishia, ametumia kipengele cha HTTP kinachoruhusu kuomba sehemu tu ya faili. Seva inayoweza kufanya hivyo hujibu kwa namba 206. Isiyoweza hujibu 200 na kuleta faili kuanzia mwanzo, na bando la pili nalo linakwenda na maji.

Tabaka la sita linahusu umbo la data. Pande mbili zinaweza kupelekeana biti bila kosa hata moja na bado zisielewane. Katika mashine kubwa za IBM za familia ya System/360, herufi A iliwakilishwa kwa namba 193. Katika ASCII, kiwango cha Marekani cha mwaka 1963, A ni 65. Lazima mmoja atafsiri, au wakubaliane juu ya umbo la tatu.

Msomaji wa Kiswahili anakutana na suala hili kwenye ujumbe mfupi bila kujua. Ujumbe mmoja una nafasi ya baiti 140. Mtandao wa GSM ulitengewa alfabeti ya biti saba kwa kila herufi, na hapo ndipo inapotoka ile hesabu ya herufi 160. Herufi zote za Kiswahili zimo, pamoja na kiapostrofi kilichonyooka kinachotumika katika ng'ombe na ng'ambo. Lakini kompyuta na baadhi ya simu zina tabia ya kukipinda kiapostrofi hicho ili kipendeze, na kile kilichopinda hakimo katika alfabeti ya GSM. Kikiingia kimoja tu, ujumbe mzima unahamishiwa kwenye mfumo wa baiti mbili kwa kila herufi, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Taarifa ya herufi mia moja, iliyokusudiwa kwenda kama ujumbe mmoja, inagawanyika kuwa mbili. Shule au kikundi cha kuweka na kukopa kinachotuma taarifa kwa wanachama elfu moja kinalipia jumbe elfu mbili kwa sababu ya alama moja iliyopinda. Kikaragosi cha tabasamu mwishoni mwa ujumbe huleta hasara hiyohiyo, ingawa chenyewe angalau kinaonekana.

Kamati za viwango zilikuwa na jibu kubwa zaidi. Mwaka 1984 ilichapishwa lugha ya kueleza umbo la data iitwayo ASN.1, na kanuni za kuigeuza kuwa baiti: kwanza aina ya kitu, halafu urefu wake, halafu kitu chenyewe. Namba kamili 5 huwa baiti tatu, 02 01 05. Ni lugha kavu, na waandishi wa programu wa leo huikimbia kwa kupendelea maandishi yanayosomeka. Hata hivyo imo kila mahali. Jumbe za USSD zilizotajwa hapo juu zimefungwa kwa kanuni hizo. Maelekezo kati ya simu na minara ya 4G na 5G yameandikwa kwa ASN.1. Na vyeti vya usalama vinavyowezesha kile kialama cha kufuli kwenye kivinjari ni vya kiwango cha X.509, kilichotoka mwaka 1988 kama sehemu ya familia hiyohiyo ya OSI inayosemwa kuwa ilishindwa.

Vyeti hivyo vinaeleza kosa moja la kawaida kwenye vibanda vya intaneti. Kompyuta imekuwa ikizimwa na umeme, kibetri kidogo cha ndani kinachotunza saa kimekufa, na kila inapowashwa inaamini kwamba bado ni miaka mingi iliyopita. Kila cheti kina tarehe ya kuanza kutumika na ya kwisha. Kwa kompyuta hiyo, vyeti vyote vya dunia bado havijaanza kutumika, kwa hiyo inakataa kufungua tovuti salama. Mteja anaambiwa mtandao ni mbovu. Dawa ni kurekebisha saa.

Usimbaji unaotumia vyeti hivyo, TLS, ulianza na kazi ya Netscape iliyotoka mwaka 1995 kwa jina la SSL. Kuuweka katika tabaka fulani ni ugomvi wa kudumu: jina lake linataja usafirishaji, kazi yake ya kusimba ni ya uwasilishaji, na hukumbuka vikao vilivyopita ili kuharakisha vinavyofuata. Gharama yake ni maneno mengi ya utangulizi. Katika TLS 1.2, pande mbili husalimiana kwa mizunguko miwili kabla ya kupeana data yenyewe, juu ya mmoja ambao TCP imekwisha kuutumia. Kabla mkongo wa SEACOM haujafika mwaka 2009, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 angani, ambako mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi huchukua karibu nusu sekunde. Mizunguko mitatu ni sekunde moja na nusu ya kusalimiana tu, na ukurasa bado haujaanza kuja. Hakuna bando nene linaloponya hilo. Toleo la TLS 1.3 la mwaka 2018 lilipunguza mzunguko mmoja.

Tabaka la saba ndilo lenye majina yanayojulikana, na kwa hiyo halihitaji kukaliwa sana, isipokuwa kwa mambo mawili.

La kwanza ni barua pepe. Mwaka 1982 Jon Postel aliandika SMTP, itifaki ambayo seva mbili huzungumza kwa maneno yanayosomeka: huyu anajitambulisha, anataja mtumaji, anataja mpokeaji, anatoa barua. Miaka miwili baadaye ikaja X.400 ya kamati, ikiwa na risiti za kupokelewa na anwani za sehemu nyingi: nchi, mtoa huduma, shirika, jina la ukoo, jina la kwanza. Watu walichagua kile kinachoandikika kwenye kadi ya biashara. X.400 imebaki katika kona maalumu, ikiwamo mfumo wa kupelekeana jumbe wa waongoza ndege. Lakini wepesi wa SMTP una deni lake. Seva ilimwamini mtumaji kwa jina alilojitajia, na matapeli walipogundua hilo ilibidi kurundikwa viraka vya uhakiki ambavyo mafundi wa barua pepe wanahangaika navyo hadi leo. Katika hili kamati ilikuwa sahihi kuliko ilivyopewa sifa.

La pili ni DNS, mfumo wa Paul Mockapetris wa mwaka 1983 unaogeuza majina kuwa anwani za namba. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea duniani kwa takriban saa sita. Amri ya matengenezo ilikuwa imekata uti wa mgongo wa mtandao wa ndani wa kampuni. Seva zake za DNS, zilipoona haziwezi kufikia vituo vya data, ziliacha kutangaza njia za kuzifikia, kama zilivyopangwa kufanya zikijiona zina hitilafu. Seva zilikuwa zinawaka. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeweza kuuliza jina. Kosa la tabaka la tatu lilimfikia mtumiaji likiwa limevaa nguo za la saba, na watu wengi walizima simu na kuziwasha bila faida.

Mchoro wa matabaka saba unaendelea kubadilishwa na wanaoujenga mtandao. Mwezi Mei 2021 ilipitishwa QUIC, itifaki iliyoanzia Google, na mwaka uliofuata ikapitishwa HTTP/3, iliyojengwa juu yake. QUIC imeunganisha usafirishaji, salamu za usimbaji na sehemu ya kazi ya kikao katika kitu kimoja. Muunganisho wake hautambuliwi kwa anwani ya simu bali kwa namba zake wenyewe, hivyo anayetoka nyumbani kwenye Wi-Fi na kupanda daladala akiwa kwenye data za simu anaweza kuendelea na upakuaji uleule ingawa anwani yake imebadilika njiani. Upande wa pili wa sarafu uko kwa fundi wa mtandao. Zamani alinasa pakiti na kuzisoma tabaka kwa tabaka hadi akaliona kosa. Pakiti za QUIC zimesimbwa karibu zote, na anachoona ni UDP kwenye mlango namba 443, kwa hiyo mteja akilalamika kwamba kikao kimekatika, fundi analazimika kuomba kumbukumbu za seva kwa mwenye programu.